Dadu la Rangi ya Ufizi

Jumamosi ile Meno aliamka na neno moja tu moyoni, na alikuwa hajamwambia mtu: leo Lifti akilirusha dadu langu, namjibu ndiyo, na kesho namsindikiza safari yake mbele za watu kama mchumba wangu. Asipolirusha, basi, kila mtu ashike njia yake.

Chekeni mkitaka. Mwanamke wa miaka ishirini na tisa, fundi wa meno ya bandia anayesifiwa na kila daktari aliyefanya naye kazi, anayaweka maisha yake yote juu ya kipande cha plastiki kidogo kama zabibu! Lakini mapenzi bwana, hayana mizani ya serikali. Kila mtu huja na yake kutoka kwao.

Dadu lenyewe alilitengeneza kwa mikono yake miaka miwili nyuma, Lifti alipotimiza thelathini. Alichukua mabaki ya plastiki ile ya waridi wanayotengenezea ufizi, akaikoroga, akaimimina kwenye kalibu aliyoichonga mwenyewe, pande ishirini, hakuna upande mkubwa kuliko mwenzake. Kwa kawaida plastiki ile huwekwa kwenye mtungi wa presha mpaka igande, ili hewa isibaki ndani. Siku hiyo mtungi ulikuwa umejaa meno ya wateja, na yeye sherehe ilikuwa saa kumi, basi akaliacha ligandie dirishani. Likatoka zuri ajabu, waridi tupu, huwezi kuona ndani. Akachonga namba kwa keekee ya meno, akazijaza wino mweupe. Lifti alipolipokea alilitazama kitambo kizima.

"Mimi sijawahi kutengenezewa kitu na mtu," alisema, na machozi yakamlenga, mwanamume mrefu vile, fundi wa lifti anayening'inia kwenye mashimo ya ghorofa kumi na mbili bila kupepesa jicho. Hapo ndipo Meno alipokwisha.

Walikuwa wanne kwenye mchezo wao, wakiitana kwa majina ya kazi zao. Mama Dobi, mjane mwenye duka la kufulia nguo, ndiye aliyekuwa msimulizi: anabuni kisa, anawatia wenzake msituni au kwenye ngome ya adui, kisha anauliza, "Haya, mnafanyaje?" Wa pili ni Karani, karani wa mahakama, mtu aliyezipenda kanuni za mchezo kuliko mchezo wenyewe. Kila Jumamosi alasiri walikaa chumba cha nyuma cha duka, kuizunguka meza ya kupigia pasi yenye blanketi lililoungua hapa na pale. Kila mmoja alikuwa na mtu wake ndani ya kisa. Meno alikuwa Malkia aliyenyang'anywa nchi, Lifti akawa Mlinzi wake. Ukitaka kufanya jambo la hatari unarusha dadu: namba kubwa umefaulu, ndogo umeshindwa, ishirini ni shangwe. Moja ni balaa.

Na Lifti, jamani, alikuwa na mkosi! Moja, moja, tena moja. Mlinzi wake alitumbukia visimani, alijikata mguu kwa upanga wake mwenyewe, na siku moja walipojificha chini ya pua ya jeshi zima la adui, alipiga chafya. Walicheka mpaka Mama Dobi akaomba maji. Karani alimwambia mara mia abadilishe dadu.

"Hili hili," Lifti alijibu kila mara, akilifuta kwa leso na kulirudisha mfuko wa shati. "Limeshanizoea."

Mambo yaliharibika wiki saba nyuma, siku Lifti alipokwenda na shangazi yake kujitambulisha kwa akina Meno.

Baba yake Meno alikuwa mkaguzi wa mizani mstaafu. Miaka thelathini na mitano alizunguka masokoni na mawe yake ya kupimia kwenye mkoba, akiwakamata wauza nyama na wauza sukari walioichezea mizani. Mtaa mzima walimwita Mzee Mizani, na yeye hakukasirika. Mbele ya mtu huyo Lifti alitoka jasho, akachomoa leso, na dadu likachomoka nayo, likabingirika sakafuni mpaka kwenye ndala ya mzee.

"Hiki nini?" mzee aliuliza.

"Ni dadu, Mzee."

"Dadu." Alilitamka kama anayetema kokwa ya ndimu.

Mama mdogo wa Meno akashika kifua. "Mungu wangu! Kumbe tunamwoza mtoto kwa mcheza kamari!"

Meno akaeleza mpaka sauti ikamkauka. Ni mchezo wa hadithi, hakuna anayeweka dau, hakuna anayeliwa pesa; dadu limetoka wapi hakuulizwa. Baba yake alimsikiliza mpaka mwisho, halafu akasema tu, "Niachieni nilitazame." Siku nne baadaye alimwita Lifti, wakajifungia sebuleni wawili peke yao. Lifti alitoka na dadu lake mfukoni na uso usiosomeka.

"Mmezungumza nini?" Meno alimuuliza.

"Ya wanaume. Kasema nisubiri."

Tangu siku hiyo Lifti hakulirusha tena. Alitia programu kwenye simu yake, unagusa kioo, namba inatokea, basi. Wiki saba. Dadu analo mfukoni, Meno analiona lilivyotuna kwenye shati, lakini halitoki.

Sasa kesho Lifti anasafiri. Hospitali mpya ya mji wa mbali ilihitaji lifti nane, na kazi yenyewe ni ya miaka miwili. Alikuwa amemuuliza Meno kama atakuwa mke wake, na Meno alimwahidi jibu leo, baada ya mchezo.

*

"Daraja limekatika," alisema Mama Dobi, mikono yake minene imetanda juu ya blanketi. "Malkia unaning'inia kwa mkono mmoja. Chini ni giza, na maji unayasikia tu. Mlinzi, unafanyaje?"

"Namdaka," alisema Lifti kabla hajamaliza.

"Sikujua mtu anaweza kudaka akiwa upande wa pili wa daraja. Haya. Kumi na nane kwenda juu. Chini ya hapo tunazika."

Lifti akatoa simu. Meno akanyoosha mkono, akaifunika.

"Leo rusha dadu."

Lifti alimtazama. Macho yake yalikuwa mekundu, kama ya mtu asiyelala vizuri. "Meno, si yote ni namba tu?"

"Kama yote ni namba tu, basi rusha."

"Ngojeni, ngojeni," akadakia Karani, maana huyu hapiti pembeni ya ubishi. "Mimi kwenye hili niko na Lifti. Simu haina upendeleo. Dadu lina kona iliyolika, lina mkono wa mtu, lina meza iliyoinama. Kule mahakamani—"

"Ya mahakamani kaa nayo huko," alisema Mama Dobi. "Dadu lina mlio. Linapobingirika nyote mnanyamaza, hata wewe unanyamaza, na hiyo ndiyo burudani yenyewe. Hiyo simu yenu inajibu kabla moyo haujadunda. Lakini kila mtu arushe anachotaka, mezani kwangu sitaki vita."

"Mimi sitaki anachotaka," alisema Meno. "Mimi nataka dadu langu. Nililitengeneza kwa mkono huu. Lifti, leo tu. Mara moja. Kwa ajili yangu."

Pasi ilikuwa ikipoa kwenye kisahani chake, inatoa mlio wa chuma kinachosinyaa. Lifti akaingiza vidole kwenye mfuko wa shati, taratibu, akalitoa. Akaliweka kiganjani. Meno akasogeza kiti. Ndiyo, moyo wake ulisema, ndiyo, ndiyo, nitakuja huko huko kwenye lifti zako nane.

Lifti akalitazama lile dadu kama unavyomtazama mtoto unayemwacha shuleni siku ya kwanza. Kisha akaufunga mkono, na kwa mkono wa pili akagusa kioo cha simu.

Ishirini.

Karani akaruka mpaka kiti kikaanguka. "Ishirini! Miaka miwili, jamani! Mlinzi kadaka! Sikuwaambia? Sikuwaambia mimi?" Hata Mama Dobi alipiga makofi. Kisha wote wawili wakamwona Meno, na makofi yakafia mikononi.

Alikuwa analia, machozi yanateremka bila sauti.

"Meno," alisema Lifti. "Si nimekudaka?"

"Hukunidaka wewe. Imenidaka simu." Akasimama. "Wiki saba nakungoja. Wiki saba najiambia labda amechoka, labda ana mawazo ya safari. Kitu kimoja nilichowahi kukutengenezea unakionea haya, kwa sababu kilianguka mbele ya watu."

"Sioni haya."

"Sasa kwa nini?"

"Siwezi kukwambia."

"Huwezi, au hutaki?"

Lifti alilirudisha dadu mfukoni. Hapo ndipo Meno alipolisema neno ambalo angetoa kidole kulirudisha. Hasira hasara, wahenga hawakukosea.

"Baba yangu alikutazama mara moja tu akakujua wewe ni mtu wa namna gani. Nikabishana naye, nikakutetea mpaka nikakauka koo. Kumbe mzee alikuwa sahihi."

Ungemchapa kofi Lifti asingeshtuka vile. Rangi ilimtoka usoni, mpaka Mama Dobi akainuka nusu, mkono mbele, kama anayetaka kumshika asianguke.

"Mwanangu, meza neno hilo," alimwambia Meno. "Limeze upesi."

Lakini Meno alikuwa ameshatoka mlangoni.

Lifti alimfuata uani, katikati ya mashuka ya nyumba za wageni yaliyoanikwa kamba kwa kamba. Upepo uliyajaza mashuka yakawa yanaingia kati yao na kutoka. Lifti aliyasogeza kwa mkono, moja moja, mpaka akamfikia.

"Nivumilie miezi minne," alisema kwa sauti ya chini. "Na wiki chache. Basi. Baada ya hapo utajua kila kitu, na ukitaka kuniacha uniache."

"Miezi minne ya nini?"

"Nimetoa neno langu, Meno. Niamini tu. Sijawahi kukuomba kitu, si kweli? Naomba hiki."

Nawaambia ukweli: kuna sehemu ya moyo wake ilitaka kumkumbatia palepale. Lakini kulikuwa na sehemu nyingine, iliyolelewa nyumbani kwa mzee wa mizani, na hiyo ilikuwa imeshapima na imeshaandika.

"Nirudishie dadu langu," alisema.

Lifti alisimama kidogo. Shuka likamfunika, likamfunua. Akalifunga dadu ndani ya leso, fundo moja, akaliweka kiganjani mwa Meno na kumkunja vidole kimoja kimoja juu yake. Mikono yake ilinukia grisi, kama siku zote, hata akiosha mara tatu.

"Limetunzwa," alisema. Akaondoka kwa mlango wa nyuma, bila kurudi kuchukua koti lake.

*

Mzee Mizani alikuwa sebuleni, amevaa miwani, anasugua mizani yake ya shaba kwa kitambaa na majivu. Meno aliingia na macho yaliyovimba, akaliweka fundo la leso juu ya meza na kuketi, akasema Lifti amekataa kulirusha hata kwa ajili yake. Mzee akalifungua.

"Amelirudisha," alisema. Aliliinua dadu kwenye mwanga wa dirisha, na Meno akashangaa kuona baba yake amekunjua uso. "Lo! Basi kijana ana neno lake. Nilimdhania ameshalirusha siku ya pili tu."

"Baba, ana neno gani?"

Mzee alisita. Alikuwa ameahidi kunyamaza, lakini alimwona mwanawe anavyotetemeka mabega, na yeye ni mzazi.

"Sikutaka ujue, mama. Nilitaka aibu ile iishie kwa sisi wanaume wawili. Huyu kijana wako hakuwa mcheza dadu tu. Alikuwa na dadu lililochezewa."

"Lililochezewa?"

"Kaa hapo nikuonyeshe."

Akaenda jikoni. Alirudi na glasi ya maji na pakiti ya chumvi, akamimina chumvi kama anayemwaga mchanga, akakoroga, akamimina tena, mpaka maji yakawa mazito yenye ukungu. Akalidumbukiza dadu. Lilizama kidogo, likapanda, likaelea. Namba moja ilikuwa juu.

Mzee akaligeuza kwa ncha ya penseli. Likajipindua, polepole, kama mtu anayegeuka kitandani. Moja juu. Akaligeuza tena. Moja.

"Unaona? Ndani upande ule kuna uwazi. Kilicho chepesi huja juu. Wauza sukari walifanya hivi kwenye mawe, wanatoboa ndani na kuziba. Mwenye dadu hili anajua litaangukaje. Nikamwita, nikamwonyesha glasi hii hii. Nikamuuliza, hili umelitoa wapi, nani amekutengenezea? Hakujibu. Alikaa pale ulipokaa wewe, kaliangalia dadu, kaniangalia mimi, kisha akasema, 'Kosa ni langu, Mzee.' Nikamwambia, mwanangu simpi mlaghai. Lakini kwa kuwa amekiri, nikampa miezi sita. Asirushe dadu lolote, na asimwambie mtu. Akitimiza, nitampa baraka zangu. Sikutarajia angefika hata mwezi, nisikufiche."

Meno hakuwa anamsikia tena. Alikuwa anaona dirisha la karakana, miaka miwili nyuma, jua linapiga kalibu, mtungi wa presha umejaa meno ya watu, na yeye anachungulia saa ya ukutani. Kiputo cha hewa. Kiputo kimoja, kimejificha ndani ya waridi lisilopenywa na jicho.

"Baba," alisema. "Dadu hili nimelitengeneza mimi."

Penseli ikasimama hewani.

"Niliharakisha. Sikulitia kwenye presha. Hakuna aliyelichezea, Baba. Ni kosa la mkono wangu."

"Mkono wako?" Mzee alirudia neno hilo kana kwamba ni la lugha ngeni. Mikono ya binti yake ndiyo iliyokuwa fahari yake. Kila mgeni aliyeingia nyumba ile aliambiwa habari zake: mwanangu anapima unene wa unywele, mwanangu hakosei. Lifti naye aliambiwa, siku ya kwanza kabisa, kabla hata ya kukaribishwa kiti, na tena siku ile ya glasi.

Mzee akavua miwani.

"Sasa huko kwenu," aliuliza taratibu, "ukipata moja, unashinda?"

"Hapana, Baba. Moja ndiyo mbaya kuliko zote."

"Na alilirusha muda gani?"

"Miaka miwili. Kila Jumamosi."

Mzee aliketi mzima mzima, akaanza kuifuta mizani ile ambayo ilikuwa imeshang'aa, mahali pamoja tu, tena na tena.

Meno akachukua simu, akatoka kibarazani. Jua lilikuwa bado halijazama, mtaa umejaa sauti za watu wanaorudi makwao. Simu iliita mpaka karibu kukatika.

"Hallo." Nyuma ya sauti yake kulikuwa na mngurumo wa injini.

"Uko wapi?"

"Barabarani. Gari la kampuni lilikuwa linatoka saa kumi na moja, nikaona nipande hili, ya nini kungoja kesho."

"Lifti, najua. Baba amenionyesha. Najua kila kitu." Maneno yalikuwa yanakanyagana. "Kwa nini hukumwambia ni mimi niliyelitengeneza? Neno moja tu lingetosha!"

Injini ilinguruma, ikatulia.

"Alikuwa ametoka kunisimulia mikono yako," alisema Lifti. "Nusu saa nzima. Nimvunjie mzee kitu hicho ili mimi nionekane msafi? Nikasema miezi sita si mingi. Nimeshazoea kuanguka."

"Ulijua? Tangu zamani ulijua lina kasoro?"

"Wiki ya pili nilijua. Mimi ni fundi, Meno. Kitu kinachoelemea upande mmoja nakisikia hata gizani."

"Na ukaendelea kulirusha!"

"Ulinitengenezea wewe."

Meno akaegemea nguzo. Aliona vile visima vyote, ule upanga, ile chafya mbele ya jeshi, na Lifti anavyocheka pamoja nao huku anafuta dadu kwa leso.

"Rudi," alisema. "Shuka hapo ulipo, nitakufuata hata kwa miguu. Baba mwenyewe atakuomba radhi. Jibu langu ni ndiyo. Umesikia? Ndiyo."

"Nimesikia." Sauti ilikuwa imemlowa. "Jibu hilo nimelitamani, Meno, wewe acha tu. Lakini umenipa sasa, baada ya kuona kwenye glasi. Saa tisa alasiri nilikuomba uniamini bila glasi, hukuweza."

"Nilikuwa na hasira! Sikujua nilichosema."

"Ulijua. Ungeniita mwoga ningerudi. Ungeniita mpumbavu ningerudi mbio. Umesema baba yako alikuwa sahihi. Mimi wiki saba nalibeba jina la mlaghai ili wewe usiguswe, halafu jina lenyewe nalisikia kinywani mwako, mbele ya Mama Dobi, mbele ya Karani."

"Nisamehe."

"Nimeshakusamehe. Hilo halina shida, usilale nalo." Alivuta pumzi. "Ila nimechoka kukaa juu ya mizani. Kwenu nimepimwa na mzee, nikapimwa na wewe. Leo ulikuwa unanipima, si kweli? Nilikuona unavyolitazama dadu. Ningelirusha ungesema ndiyo."

Meno hakuweza kudanganya, ndiyo malezi yake. "Ndiyo," alisema.

"Unaona. Na mtu uliyetaka avunje neno lake ili umpende, kesho ungemwamini vipi?"

Meno aliibana simu sikioni. Gari lilisikika likibadilisha gia, linapanda mlima mahali fulani.

"Bado unanipenda?" aliuliza, akajichukia kwa kuuliza.

"Nakupenda sana. Ndiyo maana naomba usinipigie. Mtandao huku mbele haupo, lakini hata ukirudi, usinipigie. Mwambie Mama Dobi aniulie Mlinzi mahali pazuri. Asife kwa chafya."

Simu ikakatika. Alipopiga tena ikawa imezimwa, na alipopiga mara ya tisa baba yake alitoka, akasimama mlangoni na karatasi na kalamu.

"Nipe namba yake," alisema mzee. "Nimpigie mimi. Sijawahi kumwomba mtu radhi kwa kipimo changu, lakini huyu nitamwomba."

"Amezima, Baba."

Mzee alibaki na karatasi yake mkononi. Kisha akamshika mwanawe begani, mkono mzito wenye majivu, na mara ya kwanza tangu mkewe azikwe, Meno alimsikia baba yake akivuta kamasi. Maji yakimwagika hayazoleki. Wote wawili walilijua hilo, na hakuna aliyelisema.

Baadaye Meno alirudi sebuleni peke yake. Glasi ilikuwa palepale, dadu linaelea, moja juu. Akalitoa, akalifuta kwa leso ya Lifti, pande zote ishirini, kama yeye alivyokuwa akilifuta. Akalirusha mezani. Moja. Akarusha tena. Nne. Moja. Saba. Moja. Alirusha si kwa kutaka kitu, alitaka tu kusikia ule mlio ambao Lifti aliusikia Jumamosi zote zile, akijua litaangukaje, na akilirusha hivyo hivyo.

Mara ya thelathini na kitu liligonga mguu wa mizani, likarudi, likazunguka kwenye kona yake kwa muda mrefu kuliko kawaida, likatulia.

Ishirini.

"Lifti, tazama!" alisema kwa sauti, akainua uso.

Kiti cha upande wa pili kilikuwa kitupu, na mezani kulikuwa na chumvi iliyomwagika.